Pijo 404 ya marehemu baba: naunda kono la gia kwa mkono hapa Tanga

Pijo la Ngamiani (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam aleikum na habari za jioni.

Kila nikitafuta maelezo ya kuunda kono la gia kwa Kiswahili nakuta watu wanauza makono, hakuna anayeeleza linavyotengenezwa. Basi nimeamua kuiandika hapa kazi ninayoifanya, kadiri inavyokwenda, pamoja na nitakapokosea, ili mwingine mwenye gari la zamani uani asianze gizani.

Gari, ambalo mimi naliita hotrodi yangu, ni Peugeot 404 pikapu ya marehemu baba. Ilibeba machungwa ya Muheza mpaka injini ikakata roho, ikaja kuwekwa chini ya mwembe hapa Ngamiani. Hewa ya Tanga mnaijua, chumvi ya bahari inakula bati usiku na mchana. Nilipoifungua, sakafu ilikuwa imebaki kama chujio la tui. Nimeiwekea bati jipya, mbele nimeishusha kidogo, na chini ya boneti imekaa injini ya Toyota 4Y, ile ya Hilux ya cc 2237, na giaboksi yake ya gia tano. Difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, pia ni ya Hilux, kwa sababu ya Pijo haiungiki: propela ya 404, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, imefungiwa ndani ya bomba na difu yake ni ya gia ya skrubu. Ukishang'oa giaboksi ya Pijo, kila kitu hadi matairi ya nyuma kinaifuata.

Baba alikuwa anabadili gia kwenye usukani. Kono la Toyota linatoka sakafuni. Kwenye Hilux linatokea mahali pake, lakini kwangu injini ilibidi ikae nyuma zaidi, kwa hiyo kono linachomoza chini ya ukingo wa kiti kirefu. Nikiweka lilelile la Hilux, gia ya pili na ya nne linagota kwenye kiti. Nahitaji kono linalotoka, linainama kwenda mbele, halafu linapanda hadi kwenye kiganja. Dukani halipo.

Kanuni moja nimejiwekea kabla sijashika grainda: chini ya gololi ni mali ya Toyota, juu ya gololi ni yangu. Karibu na mwisho wa kono la Hilux kuna uvimbe wa mviringo. Hiyo ndiyo gololi, ndipo kono linapochezea. Chini yake kuna kidole kifupi kinachoingia ndani ya giaboksi kusukuma reli za gia, na ncha yake imevalishwa bushi ya plastiki. Vitu hivyo vimetengenezwa kwa vipimo ambavyo tupa yangu haivifikii, na chuma chake kimetiwa ugumu. Ukivichezea, gia utazitafuta kama funguo iliyoanguka mchangani. Kuanzia hapo kwenda juu ni fimbo, na fimbo fundi yeyote ana uhuru nayo.

Kulitoa: weka gia huru, vua mpira wa vumbi, utaona kofia ya chuma imekalia springi. Ibonyeze chini kwa nguvu, izungushe kinyume cha mwendo wa saa, itaachia. Tundu lifunike kwa kitambaa safi papo hapo. Nati moja ikidondokea mle ndani, umejitafutia kazi ya kushusha giaboksi nzima. Bushi ya plastiki ikiwa imelika, nunua mpya sasa hivi. Makono mengi yanayochezacheza yanaponea hapo, kwa kitu kisichozidi ukubwa wa kofia ya chupa.

Mzee wa Safari Rali:

Kijana, hongera kwa kuikumbuka kazi ya baba yako. Lakini 404 si gari la kuchezewa. Ilichukua Safari Rally mwaka 1963, ikaja kuchukua mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ya 1966 na 1967 alikuwa Bert Shankland na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa akiishi hapahapa Tanzania. Tulikuwa tunasimama barabarani kuwatazama. Gari kama hilo unaling'oaje gia ya usukani?

Pijo la Ngamiani:

Shikamoo mzee wangu. Neno lako nimelipokea kwa heshima, na mimi mwenyewe liliniuma.

Gia ya usukani ya Pijo inafanya kazi kwa fito zinazoshuka pembeni hadi kwenye giaboksi yake. Giaboksi ya Toyota inapokea amri kutoka juu, kwa kidole kimoja. Ningeweza kuunda fito nyingine, lakini kila kiungo kinaongeza mchezo, yaani kulegea, na gia ni tano na rivasi. Mwishowe ningepata gia ya usukani isiyo ya Pijo wala ya Toyota. Kono la baba nimelipaka grisi, nimelifunga kwenye kitambaa, lipo kabatini. Injini ya zamani pia ipo, mtu akitaka kuirudisha siku moja kila kitu atakikuta.

Mdau wa Mikanjuni:

Mbona unaiita hotrodi? Hotrodi ni Ford za Wamarekani zisizo na boneti. Hii ni Pijo yenye injini ya Toyota, kama Landrover zote za mashamba ya mkonge.

Pijo la Ngamiani:

Kaka, hotrodi haikuanza na chapa, ilianza na umaskini wa pesa na utajiri wa mikono. Vijana wa California miaka ya 1930 walinunua Ford kuukuu, wakazivua vyuma vya ziada, wakaziongezea nguvu na kuzikimbiza kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Ford ilipotoa V8 ya bei nafuu mwaka 1932, moto ukawaka. Mwaka 1937 wakaunda chama chao, SCTA, kuweka utaratibu wa mbio.

Na kuna jambo linalonigusa mimi moja kwa moja. Mwaka 1940 Ford walihamisha kono la gia kutoka sakafuni kwenda kwenye usukani. Wale vijana hawakulipenda. Wakawa wanasaka giaboksi za 1939, zenye kono la chini, ili waziweke kwenye magari yao. Kwa hiyo kushusha gia kutoka usukanini hadi sakafuni ni kazi ya hotrodi tangu asili yake. Ninachofanya uani kwangu ni kilekile, chuma tu ndicho tofauti.

Mwanafunzi wa Ufundi:

Kaka shikamoo. Urefu wa kono unaamuaje? Mwalimu alisema kono fupi ni la mbio, refu ni la lori, akaishia hapo.

Pijo la Ngamiani:

Marahaba mdogo wangu. Mwalimu hakukosea, tuongeze hesabu.

Kono ni wenzo. Nimepima langu: kutoka katikati ya gololi kwenda chini hadi ncha ni sentimita 6. Kutoka gololi kwenda juu hadi kiganjani, kono la Hilux lilikuwa sentimita 48. Gawanya, unapata 8. Maana yake ncha ya chini ikisogea milimita 10, kiganja kinasafiri milimita 80. Ukilikata libaki 36, uwiano ni 6, kiganja kinasafiri milimita 60 tu. Raha, lakini si bure: nguvu ya kusukuma inaongezeka kwa theluthi moja. Giaboksi ya zamani yenye sinkronaiza (zile ringi zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana) zilizochoka itakugomea asubuhi mafuta yakiwa mazito.

Sasa lililonichukua jioni mbili kulielewa. Ukilikunja kono, urefu wa chuma hauna maana tena kwenye hesabu hiyo. Kinachohesabika ni mstari ulionyooka kutoka gololi hadi kiganja. Funga uzi wa katani pale kwenye gololi, uvute hadi kwenye kirungu, kile kichwa cha kono unachoshika, pima uzi. Fimbo yangu ina sentimita 52 ukifuata mikunjo, lakini uzi unasoma 42. Uwiano ni 7. Kiganja milimita 70, na nguvu imeongezeka kwa sehemu moja tu kati ya saba. Mkono wangu umeridhika hapo.

Na mstari huo ukilala mbele sana kuna adhabu nyingine. Kirungu hakitasogea mbele na nyuma tu, kitakuwa kinazama ukiweka ya kwanza na kupanda ukiweka ya pili, kama mtu anapampu maji ya kisima. Kwa hiyo sikulilaza kono zaidi ya nilivyolazimika.

Kabla ya chuma nilitengeneza mfano kwa bomba la plastiki la nyaya za umeme. Unalipasha kwenye jiko la mkaa, linakunjika kama ukindu mbichi, ukikosea unalipasha tena. Nikalichomeka, nikamkalisha bi mkubwa upande wa dirisha na mdogo wangu katikati, nikapitisha nafasi zote sita. Kwa usukani wetu wa kulia, ya kwanza na ya pili ziko upande wa abiria, ya tano na rivasi ziko upande wa paja la dereva. Mfano wa kwanza ulimgonga mdogo wangu goti kwenye gia ya kwanza. Wa pili ulinigonga mimi kwenye rivasi. Wa tatu ulipita. Usiruke hatua hii hata ukiwa na haraka ya namna gani.

Mdau wa Mikanjuni:

Kwa historia hiyo ya 1940 umenifunga mdomo. Endelea.

Kijana wa Makorora:

Fimbo chukua nondo ya milimita 16, zimejaa kila mtaa unaojengwa nyumba.

Fundi Chuma:

Hapana, nondo aiache kwenye zege. Nondo ya kisasa mara nyingi ugumu wake uko kwenye ngozi ya nje, ukiipasha moto ili uikunje ugumu unaondoka, na hujui ndani ina nini. Nyingine ukiichomelea ikapoa ghafla inakatika kama muwa. Kanunue fimbo laini ya mviringo, chuma cha kawaida, ya 16. Hiyo inakunjika, inachomeleka na inasafishika.

Pijo la Ngamiani:

Shukrani Fundi. Natamani ungeniandikia wiki tatu zilizopita.

Wakuu, kono la kwanza limevunjika. Nilipeleka kipande cha chini cha Toyota na fimbo laini kwa mchomeleaji mmoja hapa mjini. Aliviunganisha kichwa kwa kichwa, akazungushia welding, akapiga grainda pakang'aa. Nikaridhika kwa macho. Jumapili tunakwenda Muheza, tumepita Pongwe, natoka gia ya pili kwenda ya tatu, kono likabaki mkononi. Bi mkubwa alikuwa pembeni yangu. Nilisogea pembeni, nikabana kisiki kilichobaki kwa vaisi gripu, tukageuza na kurudi nyumbani polepole. Lingetokea wakati napita lori, mngekuwa mnasoma habari nyingine.

Nimeangalia pale lilipokatikia: welding ilishika ngozi ya nje tu, katikati vyuma vilikuwa vimegusana bila kuungana. Na bushi ya plastiki ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, kwa sababu hakuivua. Wa kulaumiwa ni mimi pia, nilisimama pale na sikuuliza.

Fundi Chuma:

Pole sana, mshukuru Mungu. Sasa sikiliza vizuri, na wengine msome.

Kile kisiki cha Toyota si chuma laini, kina kaboni zaidi. Kikipata moto mkali kikapoa haraka, pembeni mwa welding panakuwa pagumu na pepesi kuvunjika. Kwanza vua bushi. Kata kisiki mbali na gololi, shubiri nzima kama nafasi ipo. Toboa vipande vyote viwili katikati kwa drili ya 8, kina cha sentimita mbili na nusu kila upande, tia pini ya chuma. Pini hiyo inavinyoosha na inabeba mzigo. Kisha chonga ncha zote mbili ziwe kama penseli, zikutane kwenye pini, ili welding ianzie ndani kabisa ijaze hadi nje. Tumia vijiti vya kuchomelea vya namba 7018, na viwe vimekaushwa, maana kwa unyevunyevu wa Tanga vijiti vilivyokaa wazi vimekunywa maji. Pasha kiungo kwanza, chomelea, halafu kizike kwenye majivu makavu mpaka asubuhi. Gololi yenyewe ifunge kitambaa kibichi isipate joto.

Na kamwe usichomelee kono likiwa ndani ya gari. Umeme unaorudi unapita popote unapopata njia, na ukipita kwenye beringi za giaboksi unaziachia vidonda.

Pijo la Ngamiani:

Nimefanya neno kwa neno. Nimebana kiungo kwenye jiriwa, nikavalisha bomba la mita moja na kuning'inia nalo. Fimbo ilipinda, kiungo hakikutikisika. Kile kipande nilikikata, nikaanza upya na fimbo nyingine kwa ajili ya kazi yenyewe.

Kuikunja nilimpelekea mhunzi mzee upande wa Muheza, anayetengeneza majembe na mapanga. Nimepata zaidi ya nilichofuata. Nilimkabidhi mfano wangu wa plastiki nikidhani ataunakili. Akauweka chini, akaniambia, "Nani atalishika hili? Nipe mkono wako." Akanishika kiganja, akanikalisha kwenye kigoda kimo cha kiti cha gari, akaniambia nifumbe macho na kunyoosha mkono kana kwamba nabadili gia. Akaweka alama ya mkaa kwenye nguzo pale ngumi yangu ilipofika. Ilikuwa sentimita tatu chini ya pale mfano wangu ulipoishia. Nilikuwa nimepima kwa macho, na macho yanapenda kirungu kikae juu kionekane. Mkono unakitaka mahali pengine.

Moto wa mkaa, kijana wake kwenye mvukuto, fimbo ikafika rangi ya chungwa lililoiva. Ikiwa nyekundu ya damu, alisema, bado, utailazimisha. Akaikunja kwenye bomba nene, kunjo la kwanza kwenda mbele, akairudisha motoni, kunjo la pili kwenda juu. Makunjo yote ni mapana, hakuna kona kali, kwa sababu kona kali ndiyo inayokusanya mzigo. Hakuitumbukiza majini, aliilaza kwenye majivu. Ukiitazama ubavuni inafanana na shingo ya heroe akiinua kichwa kutoka majini.

Alama ya nyundo yake moja imebaki karibu na kunjo la pili. Nimepiga msasa pote, pale nimeparuka.

Dereva wa Pangani:

Fimbo ngumu ya namna hiyo itakuimbia ukifika kilomita 80 kwa saa. Mimi niliwahi kuweka, kirungu kilikuwa kinatetemeka mpaka vidole vinakufa ganzi.

Pijo la Ngamiani:

Kweli tupu, iliimba. Kono la asili la Toyota lina mpira katikati kati ya sehemu ya juu na ya chini, na sisi tukiunda la fimbo moja tunausahau. Nimelikata sentimita 12 juu ya kiungo, sehemu ya juu nimeichomelea kipande cha bomba, sehemu ya chini inaingia ndani ya bomba hilo ikiwa imezungushiwa mpira wa tyubu ya lori. Bolti ya M8 inapita katikati, nayo imekaa kwenye vipande vya mpira isiguse bomba. Kelele imekwisha. Mpira usiwe mnene, ukizidi kono litalegea kama ulimi.

Sasa kirungu. Nimetumia mpingo. Najua watasema ni mapambo, lakini huu ndio mti wetu wa taifa, ni mti ambao Wazungu wanautengenezea klarineti na zumari zao kwa sababu haubadiliki ovyo ukishakauka, na ni mzito hata unazama majini. Kipande changu kilitoka kwa mchongaji, mabaki ya kazi nyingine. Kilikuwa kimekaa miaka ndani ya nyumba. Mpingo mbichi usiutumie: unakauka polepole mno, na ukiuacha garini juani utapasuka mpaka kitovuni. Ukiwa hauna uhakika, paka nta kwenye ncha zilizokatwa na uuache kivulini.

Nilikereza kwenye mashine ya kukerezea chuma, mwendo wa taratibu, na unakerezeka kama shaba. Vumbi lake ni baya, linawasha ngozi na kifua. Vaa barakoa. Umbo si mviringo kamili, ni kama yai lililolala, pana upande wa kiganja. Ndani nimetia kibomba cha shaba ya manjano kilichokatwa meno ya bolti ya M12 (kipenyo milimita 12), hatua 1.25, kimeshikwa kwa gundi ya epoksi. Tundu la kukatia meno hayo ni milimita 10.8. Nimechagua kipimo hicho kwa sababu virungu vingi vya Toyota ni hivyo, basi kesho nikitaka kuweka cha dukani kinaingia. Kukata meno kwenye mti wenyewe hakudumu.

Kijana wa Makorora:

Nimekubali kuhusu nondo. Na fimbo utaipaka rangi gani? Mimi ningezungushia kamba ya katani, Tanga yenyewe hiyo.

Fundi Chuma:

Katani inakunywa jasho na chumvi. Mwaka mmoja chini yake pana kutu, na hutaiona.

Pijo la Ngamiani:

Wote mna haki na nimewasikiliza wote. Nataka katani. Mkonge uliletwa kutoka Florida mwaka 1893 na Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, ikapona miche 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na kutoka kwenye miche hiyo babu zetu wamekata majani maisha yao yote. Babu yangu alikuwa mkataji. Haiwezekani gari la nyumba hii likose katani.

Lakini kutu ni kutu. Kwa hiyo: chuma nimekisafisha mpaka cheupe, praima ya zinki mikono miwili, rangi nyeusi, nimekiacha wiki nzima kikauke. Ndipo uzi mwembamba wa katani uliosokotwa, umezungushwa kwa kubana, ncha zimepitishwa chini ya mizunguko yenyewe bila fundo, kama mabaharia wanavyofunga ncha za kamba. Juu yake vanishi ya boti mikono minne, mpaka nyuzi zikaacha kuinywa. Imekuwa ngumu na rangi ya asali. Nimezungushia sehemu ya kati tu, ile alama ya nyundo ya mhunzi ipo wazi juu yake.

Chini nimevalisha mifuniko miwili. Wa ndani ni mpira wa Toyota, unazuia moshi, joto na maji ya barabarani. Wa nje ni mfuko wa ngozi ya mbuzi, nimeukata na kuushona mwenyewe.

Mzee wa Safari Rali:

Nimeona picha. Baba yako angeliendesha.

Pijo la Ngamiani:

Ahsante sana mzee wangu. Nimelisoma neno lako mara kadhaa.

Wakuu, naomba msaada. Gari lina wiki mbili barabarani na gia ya nne inachomoka yenyewe. Ya pili pia, mara chache. Ya tatu na ya tano hazina tatizo. Giaboksi hii kabla ya kono jipya haikuwa na ugonjwa huo.

Dereva wa Pangani:

Sinkronaiza zimekwisha. Shusha giaboksi.

Fundi Chuma:

Ngoja kwanza, usishushe kitu. Pili na nne zote ni za kuvuta nyuma. Kono lako limelala mbele, na umelitia kirungu cha mpingo chenye shaba ndani. Kila shimo uzito unalivuta mbele, yaani unalitoa kwenye gia. Ndani ya giaboksi kuna springi na gololi ndogo zinazoshika reli mahali pake, na springi hizo ni za miaka mingi. Punguza uzito wa kirungu. Pia angalia kama kono linagusa ukingo wa tundu la sakafu kabla gia haijaingia yote. Paka chaki ukingoni, endesha, tazama.

Pijo la Ngamiani:

Nimepaka chaki pande zote nne, nimekwenda hadi Amboni na kurudi. Chaki haijaguswa. Kirungu nimekipima, gramu 340. Nimetoa kibomba cha shaba nikaweka cha alumini, kimeshuka hadi 230. Gia ya pili imepona. Ya nne bado, imepungua tu.

Dada wa Chumbageni:

Samahani kaka zangu, mimi si fundi wa magari, nashona ngozi, viatu na mikoba. Nimekuwa nasoma uzi huu kwa ajili ya ule mfuko wa ngozi ya mbuzi. Ulipoukata, kono lilikuwa kwenye gia gani?

Pijo la Ngamiani:

Dada, lilikuwa katikati, gia huru.

Dada wa Chumbageni:

Basi umeushona ukiwa umesimama, kaka, na unautaka uinamie. Ngozi ya mbuzi ikishakauka ina kumbukumbu, inarudi pale ilipozoeshwa. Ukivuta kono nyuma, upande wa mbele wa mfuko unakaza na kulirudisha, hauchoki mchana kutwa. Na juzi mvua ilinyesha. Kama ililowa ikakauka, imepungua. Uvue mfuko, endesha bila mfuko, uone.

Pijo la Ngamiani:

Nimeuvua. Nimetoka Ngamiani hadi Muheza na kurudi, makorongo yote, gia ya nne haijachomoka hata mara moja. Nimeurudisha mfuko, nikafika Pongwe tu, ikachomoka.

Dada, Mungu akubariki. Tulikuwa tunakwenda kushusha giaboksi kwa sababu ya ngozi ya mbuzi.

Dada wa Chumbageni:

Amina. Sasa usiuongezee kiraka, kata mpya. Weka kono kwenye rivasi, pima kutoka kwenye shingo ya kono hadi kona ya mbele kushoto ya fremu, hiyo ndiyo kona ya mbali kuliko zote. Ongeza vidole viwili. Kisha weka ya kwanza, pima kona ya nyuma kulia, ongeza vidole viwili tena. Chukua kipimo kikubwa, ukate pande zote nne kwa kipimo hicho. Gia ikiwa huru utaona mfuko umejikunjakunja, usiuonee vibaya, mikunjo hiyo ndiyo kazi yake. Ngozi ipake mafuta ya nazi kidogo kabla ya kushona, na mshono ukae pembeni, usikae mbele wala nyuma.

Pijo la Ngamiani:

Rivasi imetoa sentimita 23, ya kwanza imetoa 21. Mfuko wa zamani ulikuwa na 17 pande zote. Nimekata kwa 27 nikihesabu vile vidole viwili, nimeshona jana usiku.

Leo asubuhi nimempeleka bi mkubwa Muheza kwa dada yake, na wakati wa kurudi tulipakia magunia manne ya machungwa nyuma. Gia ya nne imekaa safari nzima. Tulipofika Kange akanyoosha mkono, akakishika kirungu wakati gari limesimama, akakizungusha kiganjani kidogo, akauliza kama kile cha baba bado ninacho. Nikamwambia kipo kabatini. Anataka nimwonyeshe jioni hii, kwa hiyo naishia hapa. Picha za mfuko mpya nitaziweka kesho kukiwa na mwanga.